Robo Saa ya Mama

Mpiga pasi wa hoteli, ambaye wenzake walimbandika jina Bi Dakika, hakuwa na muda hata wa kujikuna. Mama yake alipangiwa simu ya Jumapili, saa kumi mpaka saa kumi na robo. Robo ikifika: "Haya mama, mambo mengi, muda mchache."

"Haya mwanangu, kazi njema."

Baada ya maziko ya mama yake, Bi Dakika alikuta daftari chini ya mto wa marehemu. Mama aliorodhesha mambo ya kumwambia kila Jumapili, akakata yaliyosemwa. Moja tu lilihamishwa wiki hadi wiki, mwaka mzima: "Kifua kinabana. Nimwambie muda ukibaki."

Chozi halikumtoka. Jumapili saa kumi alikaa, simu mkononi. Robo ikafika. Akaendelea kukaa.