Simu ya Jumatatu kwa Bandari ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, ghorofa ya tatu hapa Marshalltown, katikati ya Johannesburg, Meneja wa Shehena alinionyesha ramani kabla ya kunionyesha kiti. Kampuni yetu ya uwakala ilisafirisha mafuta ya serikali ya kwetu, nchi ya Maziwa Makuu isiyo na bahari, kupitia bandari za majirani wawili.

"Bwana mdogo," alisema meneja huyo, mwenyeji wa Tanga, "nchi yenu inapumua kwa pua za watu. Moja ikiziba, nyingine iwe wazi. Kila Jumatatu piga simu bandari ya pili, uliza kama tangi tulilokodi huko bado ni letu. Ndipo ujaze fomu."

Tuliiita fomu ya njia ya akiba. Hata bandari ya kwanza ikitosha, sehemu ndogo ya mafuta ilipitishwa bandari ya pili ili mkataba usife. Niliijaza kwa uaminifu miaka mingi, nikapanda hadi usimamizi wa mafuta.

Kisha majirani wakaanza kugombea mizigo yetu. Bandari ya kwanza ikatuongezea siku za kuhifadhi bure, na mawakala wake wakaja Joburg kunialika nyama choma. Nami nikalainika, nikahamishia kwao mafuta yote. Wakala wa bandari ya pili alikasirika.

"Eish, mzee, mmetutupa! Kesho msije kulia hapa."

Nilichoka kusemwa kila wiki. Nikaacha kupiga simu, na kila Jumatatu nikaandika "njia ya pili iko hai" huku nakunywa chai. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofanya.

Ugomvi ukapamba moto. Kila jirani alizuia bandarini kwake meli zilizowahi kutia nanga kwa mwenzake, akisingizia ukaguzi. Meli yetu ikakwama bandari ya kwanza. Mkurugenzi, mama asiyepaza sauti, akaniita.

"Hamishia shehena inayofuata bandari ya pili. Fomu yako inasema iko hai."

Nikapiga. Wakala hakugomba safari hii. "Tangi lenu tulishampa mwingine, mzee. Ungeuliza."

Kwetu, jeshi liliegesha magari ya doria mpakani kwa kukosa dizeli. Wavamizi wakavuka. Kijiji cha dada yangu Domitila kilichomwa, na mumewe akafia humo.

Husemwa wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Ni kweli, ila mimi nililipwa mshahara kuwatazama tembo hao. Fomu zangu zilikuwa safi, ikaonekana bandari ya pili ilitunyang'anya tangi kwa sababu ya ugomvi, hivyo lawama zote ziliwaangukia majirani, nami nikastaafu kwa cheti na makofi.

Domitila alikuja kuishi nami hapa Joburg, mtaa wa Doornfontein, akawa anashona nguo. Kanisani alizoea kumshukuru Mungu kwa kaka yake aliyehangaikia mafuta ya taifa. Waumini walinigeukia wakitabasamu, nami niliwatabasamia. Ninyi mnaoingia kazi hii, hakuna adhabu iliyonichoma kama shukrani ile.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikamwambia yote. Alisimamisha cherehani, akasikiliza hadi mwisho.

"Kaka, hiyo simu ilikuwa inachukua muda gani?"

"Dakika tano."

Hakulia wala hakunitukana. Bado ananipikia na kuniuliza kama nimelala vizuri. Ila kanisani, akifika kwenye shukrani, anawataja majirani wote wa ghorofa yetu, kisha anaketi.