Mama Kulwa, Mfano wa Kliniki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo ya Isevya, muuguzi kiongozi alinikabidhi mizani ya kuning'inizia watoto, akaniambia, "Binti, hapa mikono inapima na mdomo unafundisha. Ukinyamaza, umefanya nusu ya kazi." Nilimwogopa, lakini nilimpenda.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Choma. Kila asubuhi, kabla ya chanjo, tulitoa elimu ya afya, yaani mazungumzo na akina mama wakiwa bado kwenye foleni. Niliwaeleza yanayopunguza hatari ya saratani ya matiti: kunyonyesha, kuushughulisha mwili, kujihadhari na unene, hasa hedhi ikishakoma, na kupunguza pombe. Hapo kwenye pombe waliguna.

"Hata wanzuki, nesi? Si asali tu hiyo!"

"Asali ni ya nyuki. Wanzuki ni wenu," nikawajibu, tukacheka.

Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, aliamini watu hujifunza kwa mfano. "Msimamisheni Mama Kulwa," alisema. Mama huyu alikuwa amenyonyesha watoto saba, pombe hakuionja, na jembe halikumtoka mkononi. Kila siku ya kliniki alisimama mbele, wenzake wakampigia vigelegele. Alivyojidai! Nami nilifurahi naye.

Kisha akaacha kuja. Nilidhani ni palizi. Alipokuja mwishowe, alisubiri wenzake wote waondoke. Titi lilikuwa limevimba, limefanya kidonda.

"Tangu lini, Mama Kulwa?"

"Tangu mavuno yaliyopita, nesi. Ningewaambia nini wale wanawake? Kwamba waliyemshangilia ndiye mgonjwa?"

Tulimpeleka mjini, hospitali ya Kitete. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, na hakumaliza mwaka. Naumia mpaka leo. Tulimpa sifa, sifa ikamfunga mdomo. Tuliyofundisha yalikuwa kweli, ila kupunguza hatari si kuimaliza, na hilo lilihitaji kusemwa kwa sauti ileile ya vigelegele.

Sasa nimestaafu, naishi Tabora mjini. Juzi Kulwa, binti yake, alinitembelea na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama. Nanyonyesha kama marehemu mama. Nimesalimika, au siyo?"

"Marahaba, mwanangu. Endelea kunyonyesha. Lakini mama yako aliugua, kwa hiyo kesho twende wote ukapimwe."

Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata.

"Na wakikuta kitu, mama, watu watasemaje?"

"Watasema umewahi."