Bata Aliyekataliwa na Tableti

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya duka la kuchapisha pale kwetu Sotik, ambako B hutoka mdomoni kama P, nyuma ya mwalimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha. Alikuwa akimsomea mama anayechapa kwenye kompyuta ripoti yake ya teknolojia darasani, na msimamizi wake alikuwa anaingoja kabla ya saa sita.

"Andika: tableti ilionyesha picha ya pata, ikataja pata. Watoto wa gredi ya kwanza wakasema pata. Tableti ikasema, 'Jaribu tena.'"

Mama akaacha kuandika. "Mwalimu, si wamesema vile vile?"

"Ndiyo. Tulijaribu kipindi kizima."

"Na wewe?"

"Hata mimi ilinikataa."

"Sasa niandike pata gani?"

"Ile ya kuogelea."

Vidole vya mama vikabaki juu ya kibodi bila kugusa kitu. Nikaona heshima ya elimu iko hatarini. Mimi huandika gazetini kila wiki, kwa hivyo nikasogea mbele, nikabana midomo na kuwatamkia "bata" polepole, kwa B kamili.

Walinitazama wote wawili kwa huruma.

"Mzee," mama akasema, "jaribu tena."