Watu wa Risasi

Mimi hupaka rangi watu waliokwisha kufa. Ni watu wadogo, urefu wa kidole cha kati, tena bapa, unene wao hauzidi shilingi moja. Wana panga, bunduki na mijeledi, na karibu wote wanauana. Mzee wa Kihindi mwenye karakana ndogo upande wa viwandani pale Thika ndiye anayewachonga kinyume ndani ya mawe laini, kisha humimina humo risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati. Risasi ninayosema ni yale madini ya kijivu, laini, mazito mkononi, si ile inayotoka kwenye mtutu. Mzee anaongea Kiswahili cha mafundi wa zamani, na hilo ndilo neno alilonifundisha. Laiti angenifundisha jingine.

Mtu bapa hana tumbo wala mgongo. Ukimpaka rangi ovyo, kaki hapa, nyeusi pale, atabaki kama picha ya kitabu cha chekechea. Unene wake wote ni uongo wa brashi. Kwanza nampaka nyeupe mwili mzima. Halafu naamua jua liko wapi, na siku zote naliweka juu, kushoto. Paji la uso, bega na goti la upande huo hupata rangi iliyotiwa nyeupe kidogo. Upande wa pili unazama polepole kwenye kahawia, mpaka karibu na weusi. Ukikosea jua umeharibu vita vyote: askari kaangaziwa na asubuhi, anayemkata panga kaangaziwa na jioni. Mzee akiona kosa hilo humtupa mtu huyo kwenye sufuria ya moto bila hata kunitazama, na mimi humtukana kwa Kikuyu. Anakijua Kikuyu kuliko watoto wangu, lakini hujifanya hakusikia.

Damu huja mwisho, mengine yote yakishakauka. Usiitoe nyekundu moja kwa moja kwenye tyubu, itang'aa kama rangi ya mdomo. Itie kahawia, na pembeni mwa kidonda pitisha mstari mwembamba wa nyeusi. Nilikuwa nikipaka vita vya msituni vya zamani za Hali ya Hatari, wapigania uhuru dhidi ya wakoloni: vijana wa nywele ndefu wakipigwa risasi, askari wakikatwa shingo, mateka wakichapwa hadi migongo inafunguka. Wanunuzi wako ng'ambo na wanapenda hivyo. Mimi pia nilipenda, kusema kweli. Sijawahi kuwa mtu mpole.

Kazi nyingine nilikuwa nabeba nyumbani, mtaa wa Kimbo, kwenye ploti tuliyopanga familia nyingi mlango kwa mlango. Wiki moja majambazi walikuwa wamempiga risasi mama wa duka karibu na steji ya matatu, akafia mbele ya wateja wake. Mtaa mzima ulikuwa na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Nami nikasimama kwenye mfereji wa ploti, pale bombani, mchana kweupe, simu sikioni, nikipaza sauti kwa sababu mzee hasikii vizuri.

"Mzee, wale watu wa risasi wamefika. Wawili vichwa vimekatika njiani." Mzee akauliza. "Hapana, damu bado. Damu kesho. Huyu mmoja nammaliza leo, hawa wengine nitawamaliza hapa hapa nyumbani, pole pole."

Mama aliyekuwa akifua kando yangu aliacha nguo kwenye beseni akaondoka. Nilidhani ameitwa na mtoto.

Nilikuwa nimerudi chumbani walipokuja. Hawakubisha. Mlango uliingia ndani pamoja na bawaba zake. Walinishika miguu wakaniburuta nje, kichwa kikigonga kizingiti, na nje kulikuwa na watu ambao sijawahi kujua Kimbo inao. "Ni yeye! Ua yeye!" Rungu la kwanza lilitua kwenye mbavu. La pili sikulihesabu kama rungu, lilikuwa giza tu. Mtu alinikanyaga mkono, mwingine akanivuta sikio kana kwamba anataka kuondoka nalo. Nilijaribu kusema ni kazi, ni rangi, lakini mdomo ulikuwa umejaa meno yangu mwenyewe. Kisha nikasikia harufu ya petroli. Hapo nikajikojolea, na sioni haya kuliandika, maana kuna wachache waliofika hapo wakabaki wakavu.

Kabla ya petroli kunimwagikia nilimwona jirani yangu. Ni mchoma nyama huko Kamakis, mwenye kovu juu ya nyusi, mlango wake unatazama wangu, na kila Jumapili tulikuwa tunaazimana chumvi na maneno. Alikuwa na jiwe. Alinitazama usoni, akaliinua, akalishusha kwenye jicho langu la kushoto.

Kilichoniokoa ni tamaa yao. Waliokuwa ndani wakitafuta bunduki na pesa walitoka na kasha langu la wale watu wadogo, wakalimwaga chini. Kijana mmoja akaokota askari mmoja, akamgeuza, akamgeuza tena.

"Wasee, hizi ni toy."

"Toy gani?"

"Toy tu. Za lead."

Umati ulikwisha kama mvua ya Kimbo, ghafla, ukaacha matope. Mama wa beseni ndiye aliyebaki, akanishika kichwa akilia, akisema, "Ngai! Sasa mbona ulisema lisasi, lisasi? Si ungesema tu ni lead?"

Ndiyo. Lead ya Kiingereza ndiyo risasi yangu; nilikaribia kuchomwa moto kwa sababu ya Kiswahili safi. Ningebananga lugha kama wenzangu, leo ningekuwa na macho mawili.

Jicho lilitolewa hospitalini. Kwa jicho moja, ulimwengu unakuwa bapa. Nilimimina chai nje ya kikombe, nikamsalimia mtu nikashika hewa. Brashi ilikuwa inashuka kabla ya kufika au inazama baada ya kupita, mpaka nikajifunza kuegemeza kidole kidogo juu ya meza na kupima kwa mguso. Majirani walikuja na machungwa na uji. Kila mmoja, kwa maneno yake, alikuwa akiniokoa siku ile. Huyu alivuta mkono wa fulani, yule alipiga kelele watu waache. Ploti nzima ilikuwa ikiniokoa, kwa hivyo sijui nilipigwa na nani. Mchoma nyama naye alikaa kando ya kitanda akasema, "Mimi nilikuwa nawazuia, jirani. Nilijitahidi sana." Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilimtakia kifo, na si kifo cha haraka.

Mzee alinipa kundi jipya: wanakijiji wakivamia kituo cha walinzi, kila mtu na jiwe mkononi. Hakujua anachofanya, au alijua, sikumuuliza. Zamani ningewapa wote nyusi zilizokunjwa na midomo iliyofunuka kwa ghadhabu, kwa sababu nilidhani hivyo ndivyo umati unavyokuwa. Sasa nilikuwa nimeuona umati kutoka chini. Baadhi yao walikuwa na hasira, kweli. Wengi walikuwa wanafurahi. Niliwapaka hivyo, mashavu yamepanda, meno nje, na mmoja wao nikampa kovu juu ya nyusi na mdomo uliopinda kulia.

Jirani alikuja Jumapili na mutura, utumbo uliojazwa nyama ukachomwa, imefungwa kwenye gazeti, bado moto. Nilikuwa natia kivuli chini ya viatu. Akainama mezani, akatazama uso mmoja baada ya mwingine.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nikachovya brashi kwenye kahawia.

"Lakini mbona nacheka?"

"Ulikuwa unacheka."

Akaweka gazeti juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa na mafuta, akavifuta kwenye suruali, akavifuta tena.

"Jirani, tafadhali, nitolee hiyo mawe."

"Siwezi. Amemiminwa nalo, liko mwilini mwake. Mimi ni mtu wa rangi tu."

Nilifurahi kulisema hilo. Nilitaka alie. Hakulia. Alivuta kiti, hakukikalia, akakishika mgongo.

"Ilikuwa raha," akasema. "Wacha nikuambie ukweli. Na nilikuwa najua ni wewe. Nilikuwa najua huwezi kuwa mwizi."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa miezi, nikiamini kwamba nikiyasikia nitamrukia shingoni. Nilichukua kisu, nikakata mutura vipande viwili, nikampa kimoja. Tulikula tumesimama, bila chumvi, kila mmoja akiitazama mikono ya mwenzake.