Siku Ndoa Yangu Ilipongoja Gari la Buluu

Nakumbuka Ijumaa moja, mjukuu wangu, mama mkwe wangu Bi Zuhura alirudi kutoka sokoni na kikapu kitupu. Alikwenda kununua samaki, akarudi na habari. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akanitazama, akashusha pumzi, halafu akasema, "Mwanaidi, mumeo ameapa talaka yako kwa gari."

Nikamuuliza gari gani. Hatukuwa na gari. Hata baiskeli tulikuwa tukiazima.

Usicheke. Kaa vizuri nikueleze, na hiyo simu iweke kando kidogo, hayo magari yako hayaanzi kukimbia mpaka Jumamosi. Mashindano mnayoyabishania nyinyi ndiyo yale yale waliyobishania babu zenu hapa hapa Kilindoni. Magari yanaanza jioni, yanazunguka njia ile ile usiku kucha, na kesho yake saa ile ile ndiyo yanasimama. Gari moja lina madereva watatu, huyu akichoka anaingia mwenzake. Nyinyi mnayaona kiganjani. Wao walikuwa na banda moja tu la video, la fundi Laurenti.

Huyu Laurenti alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mpole, kazi yake kutengeneza injini za boti. Alikuwa na dishi na jenereta, na kwa kuwa alikijua Kiingereza, akawa anawafasiria wenzake maneno ya mtangazaji. Yeye ndiye aliyewatia vijana wa hapa ugonjwa wa magari. Na ulikuwa ugonjwa kweli. Kisiwa chetu kizima magari yalikuwa ya kuhesabika, ukipanda pikapu kwenda Bweni unashuka kiuno si chako, lakini wao walijua gari gani linakula matairi, gari gani linakunywa mafuta, dereva gani hafai mvua ikinyesha, na timu gani inabadilisha gurudumu kabla hujamaliza kupiga chafya. Ungepita nje ya banda lile ungedhani wote wana gereji Ulaya.

Babu yako Sefu alikuwa upande wa gari la buluu. Rafiki yake Shomari, waliyeingia naye jando pamoja, alikuwa upande wa jekundu. Ndivyo tulivyo sisi, hatuwezi kupenda kitu bila kugawana pande mbili. Ngoma pande mbili, mpira pande mbili, hata maulidi utasikia sisi wa msikiti huu na wao wa msikiti ule. Mimi sioni ubaya wake. Watu wakae wabishane, wanywe chai, wataniane, jua lichwe.

Lakini Alhamisi ile, baada ya sala ya alasiri, ubishi ulivuka mpaka. Shomari alisema gari la buluu ni debe la mafuta ya taa, halitaiona asubuhi. Babu yako akasema litamaliza mbele ya jekundu. Watu wakamcheka. Na babu yako, Mungu amsamehe, hawezi kuchekwa. Mpaka leo hawezi. Yuko hapo ndani sasa hivi anajifanya amelala, na masikio ameyatega huku. Basi akasimama mbele ya banda zima akasema, "Mke wangu ana talaka tatu kama buluu halikumaliza mbele ya jekundu."

Banda likanyamaza. Laurenti akadhani ni maneno ya ubishi tu, akauliza mbona wamenyamaza. Ikabidi mzee mmoja amweleze. Talaka moja mume anaweza kurejea, na ya pili anaweza kurejea, lakini zikitimia tatu mke amekwenda, hana njia ya kumrudia mpaka aolewe na mwanamume mwingine, akae naye kweli, naye amwache au afe. Na ukiifunga talaka kwa jambo, ukasema likiwa hivi basi na iwe hivi, basi unakaa unalingoja hilo jambo. Laurenti akashika kichwa. Akasema angejua, angelizima jenereta.

Babu yako hakuniambia. Alirudi nyumbani usiku ule akasema ana kichwa, akalala ameelekea ukutani. Mimi nikamsugua kichwa kwa mafuta, mjinga mimi, mpaka mkono ukauma.

Sasa nielewe nilivyokuwa. Nilikuwa na miaka miwili tu ndani ya nyumba ile. Baba yako alikuwa anatambaa. Nilimpenda babu yako, sitakudanganya, nilimpenda mpaka nilikuwa naona haya kulitaja jina lake mbele ya watu. Aliposema mama yake maneno yale, kwanza sikuyaamini. Halafu hasira zikaja. Kama angetaka kuniacha kwa sababu nimeunguza wali, ningejua la kujitetea. Gari lile sikuwahi kuliona hata pichani.

Bi Zuhura hakumtetea mwanawe. Alivaa viatu, akamshika babu yako mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani, tukaenda sote watatu kwa Maalim Bakari, aliyetufungisha ndoa. Tulimkuta ukumbini kwake. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akamtaka babu yako arudie maneno yake kama alivyoyasema. Babu yako akayarudia, sauti imepungua nusu.

"Ulikuwa na akili zako?" Maalim akamuuliza.

"Nilikuwa nazo, Maalim. Nilikuwa nabisha tu."

 Maalim akasema anajua wako wanazuoni wanaoona kiapo cha namna ile kina kafara, ukalisha masikini yakaisha. Lakini yeye hakusomeshwa hivyo, wala hakusomesha hivyo, na hawezi kugeuza alichosomesha maisha yake yote kwa sababu leo limemfika mtu anayempenda. Gari la buluu likimaliza mbele, ndoa ipo. Lisipomaliza mbele, ndoa haipo. Kisha akamgeukia babu yako, na hapo ndipo nilipomwona mzee yule amekasirika, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Ulipomtaka binti huyu," akasema, "ulituma washenga. Ulikwenda kwa baba yake, ukatoa mahari, ukasimama na mashahidi. Kumwingiza nyumbani kwako ulizunguka kote huko. Kumtoa, hukumwambia hata mwenyewe. Umewapa ndoa yako watu wanaofunga matairi nchi usiyoijua, nao hawana habari kwamba wewe upo."

Babu yako alilia pale pale. Mimi sikulia. Nilikuwa bado na hasira, na machozi ya mtu mwenye hasira hayatoki.

Jumamosi magari yakaanza. Sikwenda kuangalia. Nilijifungia na mtoto wangu, nikamwimbia, nikafua hata nguo zilizokuwa safi. Babu yako alikesha bandani. Jumapili mchana nikaona siwezi tena. Nikamwambia Bi Zuhura, "Mama, mimi nakwenda huko. Kama naachwa, niachwe naona."

Nilitegemea atanikataza, maana wanawake hatukuwa tukikaa kwenye banda lile. Yeye akachukua buibui lake, akambeba mtoto, akatangulia.

Tulipoingia, wanaume waliokaa benchi la mbele wakatupisha bila kuambiwa. Babu yako alikuwa chini, karibu na nguzo, macho mekundu, hakuthubutu kunitazama. Laurenti akaja akachuchumaa mbele yetu. Hakunificha kitu. Alisema gari la buluu liliharibika gia alfajiri, likaingizwa gereji, mafundi wakahangaika nalo asubuhi nzima, na sasa linatembea lakini kwa shida. Jekundu liko mbele kwa mizunguko mingi. Na muda uliobaki ni mdogo.

Nikageuza macho kuwaangalia watu wa jekundu. Mwanangu, sijawahi kuona washindi wenye huzuni kama wale. Walikaa kama wako matangani. Hakuna aliyepiga mluzi, hakuna aliyemtania mwenzake. Shomari alikuwa kona ya nyuma, kofia yake nyekundu ameikunja ameikalia, tasbihi mkononi, midomo inacheza.

Nikamuuliza, "Shomari, unaomba nini wewe, na gari lenu liko mbele?"

Akasema, "Naomba life, shemeji. Tangu jana usiku naomba life."

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Banda zima, wa buluu na wa jekundu, walikuwa upande wangu, na mimi sikujua.

Tukakaa. Magari yakawa yanapita, yanapita, mimi siwezi kutofautisha lipi ni lipi ila kwa rangi. Kila jekundu likitokea, watu wanashusha vichwa. Kila buluu likitokea, wanaliita taratibu, njoo, njoo, kama mtu anayemwita kuku. Bi Zuhura hakuwa anatazama kabisa. Alikuwa anasoma Kurani kimoyomoyo, na mtoto amelala mapajani mwake.

Muda ulipokuwa karibu kwisha, jekundu likatoa moshi. Kwanza mdogo, nikadhani ni vumbi. Kisha ukawa mkubwa, likapunguza mwendo, likajikokota pembeni, likasimama kwenye majani. Dereva akatoka, akavua kofia yake ngumu, akaketi chini. Shomari aliruka juu ya benchi akaanguka na benchi lake. Anapiga kelele, "Limekufa! Alhamdulillahi, limekufa!" na wenzake wa jekundu wanakumbatiana kama waliochukua kombe.

Laurenti akawanyamazisha. Akasema bado. Sheria ni kwamba gari lisilovuka mstari saa ikitimia halihesabiwi, hata kama lilikuwa mbele kiasi gani. Kwa hiyo jekundu limetoka. Lakini babu yako aliapa buluu limalize, na buluu lenyewe lina gia mbovu. Likifia njiani nalo, mambo ni yale yale.

Basi tukalingoja. Magari mengine yakavuka, timu nyingine kabisa ikashinda, wazungu wakamwagiana vinywaji, na sisi hatuna habari nao. Tulikuwa tunalitazama gari moja tu, lile la buluu, likija polepole mwisho wa watu wote, linakoroma, linasitasita kama punda aliyechoka. Nilishika mkono wa Bi Zuhura. Likafika kwenye mstari. Likavuka.

Sijui nikuambieje ile nafuu. Nilishuka benchi nikakaa chini, mimi na buibui langu, kwenye mchanga wa banda. Kisha nikasikia njaa. Tangu Ijumaa sikuwa nimekula chakula cha maana, na mara moja nikataka kula kila kitu. Shomari akakimbia akaleta vitumbua vya moto, nikala mbele ya wanaume wote bila haya, huku nacheka na kulia kwa pamoja. Bi Zuhura naye alikula. Hata Maalim Bakari, alipopelekewa habari, wanasema aliomba aletewe chai.

Babu yako akanijia, akaninyooshea mkono. "Mwanaidi, twende nyumbani."

Nikamwambia asubiri. Nikamwambia, "Shomari ameomba gari lake life kwa ajili yangu. Wewe umefanya nini kwa ajili yangu?"

Akaurudisha mkono wake. Nikamwambia tena kwamba neno lile alilitoa hapa, mbele za watu hawa, basi radhi anitake hapa hapa, mbele za watu hawa hawa. La sivyo nakwenda Bweni kwa mama yangu na mtoto wangu, mke wake halali, akanitafute huko.

Na babu yako, asiyeweza kuchekwa, akasimama pale pale aliposimama Alhamisi. Akasema, "Mke wangu, nilikutia mahali ambapo hapakuwa pako. Nakuomba radhi, na watu hawa ni mashahidi." Hakuna aliyecheka. Nikambeba mtoto wangu, tukaenda nyumbani. Tangu siku ile sijamsikia akiapa, hata bei ya nazi haapii.

Sasa mwanangu, jana jioni nilikuita uniletee maji, ukaja umenuna kwamba nimekukatiza maneno mbele ya wenzako. Sikuwa na kiu. Nilikuwa dirishani, nikakuona umesimama, umekasirika, umeshasema "mke wangu," na mimi nalijua neno linalofuata hapo.

Umeoa juzi tu, hina ya mkeo haijafutika. Nisikilize. Bishaneni magari mpaka sauti zikauke, hakuna atakayewakataza. Ukitaka kuapa, apia kofia yako, apia kula pilipili mbichi ukishindwa, watu wacheke. Mkeo hakukupa nafsi yake uende nayo barazani. Likikutoka jina lake huko nje, liwe la kumwombea heri. Na ukimwona rafiki yako amesimama, macho yamembadilika, mwambie umeshinda wewe, kisha mshike mkono akae. Shomari mpaka leo anajuta kwamba siku ile alicheka badala ya kumshika mwenzake mkono. Na sisi tuliokoka kwa sababu injini ya watu iliungua, mwanangu. Ile haikuwa busara yetu, na wewe usiitegemee.

Basi inuka. Mola akulindie ulimi wako, aiweke nyumba yako katika amani, akujaalie watoto watakaokubishia mpaka uchoke. Na hilo gari lako la Jumamosi, la rangi yoyote liwe, likishindwa vibaya mno ukarudi nyumbani umenuna, akujaalie umkute mkeo amekuwekea chakula na anakucheka.