Kopo la Mama Vifuniko

Wifi yake alimkana mbele ya watu. Alisimama kando ya mashine ya kuyeyushia plastiki, mkono mmoja kiunoni, akamwambia mkaguzi wa maduka makubwa kwamba lile kopo jipya la krimu ni kazi yake yeye na mhandisi wake, na kwamba yule mwanamke mwenye aproni iliyolowa ni mama wa usafi tu. Ulimi haukumteleza. Alisema kwa sauti, na wafanyakazi kumi na wanne walisikia.

Mwanamke mwenyewe watu walimwita Mama Vifuniko. Jina hilo alilipata kwenye kiwanja cha kuchambulia plastiki, alikofanya kazi kwa miaka kumi na moja kwenye meza ya vyombo vya vipodozi. Wenzake waliikwepa meza hiyo, maana hakuna takataka zenye hila kama takataka za urembo. Chupa ya maji ni chupa ya maji, huna haja ya kuihoji. Lakini kopo la krimu linakuja limejipamba kama bi harusi: nje plastiki ngumu ya kung'aa, ndani kikombe cha plastiki nyingine, kifuniko kimefichiwa ndani kipande cha chuma ili kiwe kizito mkononi na mnunuzi adhani ameshika kitu cha maana, na lebo imegandishwa kwa gundi isiyojali hata maji ya moto. Ama uyatenganishe hayo yote kwa kisu, kimoja kimoja, ama kopo zima liende jalalani. Mengi yalikwenda jalalani.

Shule hakuisogelea, ila plastiki aliijua kwa mlio. Aligonga kopo ukingoni mwa meza, tok, likaenda kulia. Tak, likaenda kushoto. Akiwa na shaka alikata kipande akakitia kwenye ndoo ya maji, akangoja aone kama kitaelea au kitazama. Hakuna aliyemfundisha. Vidole vyake vilijifundisha vyenyewe, na makovu yake alikuwa nayo.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa na kiwanda kidogo cha krimu na mafuta ya nywele, mitaa miwili kutoka kiwanjani. Jumapili moja alifika nyumbani kwa kaka yake macho yamemvimba, akajitupa kwenye kochi bila hata kuvua viatu.

"Wifi yangu, nimekwisha. Maduka makubwa wanasema kuanzia mwakani hawapokei kopo lisiloweza kuyeyushwa likatumika tena. Yangu yote wameyakataa!"

"Nilikuwa nangoja waseme," Mama Vifuniko akajibu. "Hayo makopo yako tunajuana. Yamenikata hivi vidole viwili."

Mumewe, aliyekuwa anapiga pasi, alicheka mpaka akaunguza kola ya shati.

"Cheka tu, kaka," wifi akasema. "Nikifilisika nahamia hapa, na kitanda changu."

"Mungu apishe mbali," mke akasema. "Ngoja nikuonyeshe kitu."

Akaingia chumbani akarudi na kopo la krimu na kisu cha jikoni. Akalifungua, akalipasua, akapanga vipande juu ya meza ya kahawa, na kila kimoja alikitaja kama mtu anayetambulisha ndugu zake. Vilikuwa saba.

"Saba, wifi! Hili ni kopo la krimu au injini ya lori? Sasa sikiliza. Tengeneza lote kwa plastiki ya aina moja, hii inayoelea, kama ya ndoo. Toa chuma. Toa rangi. Lebo usibandike, maandishi yachongwe kwenye kopo lenyewe. Na kikombe cha ndani kichomoke. Krimu ikiisha, mtu anunue kikombe kingine akipachike, kopo la nje akae nalo miaka. Siku likivunjika, nalipokea mezani kwangu, nalitupa kwenye mashine zimazima, kisu sikigusi."

Wifi alijifuta macho. Alikaa wima, akavua viatu, akashika kile kikombe cha ndani akakigeuza na kukigeuza. Kisha akamrukia shingoni, wakacheka wote wawili kama wasichana.

"Likipita kwa mkaguzi," wifi akasema, "nitasimama mbele yake na mbele ya wafanyakazi wangu wote niseme hii ni kazi ya wifi yangu. Na meza ya kukagua vyombo pale kiwandani itakuwa yako. Kaka, wewe ni shahidi."

"Nimesikia," kaka mtu akasema, huku anapepea kola.

Basi ikaanza miezi minne ambayo Mama Vifuniko hajapata kuishi mingine kama hiyo. Kila alasiri alitoka kiwanjani mbio, mikono bado inanuka sabuni, akaenda kumsimamia mhandisi wa kiwanda, kijana wa watu ambaye kazi yake ilikuwa kuchora anachoambiwa. Kopo la kwanza lilivuja. La pili lilivuja. Zamani kifuniko kilikuwa na duara la sponji ndani la kuzuia krimu, nalo ni kitu kingine tena cha kubandua, akalikataa katakata. Alitaka plastiki ijizibe yenyewe. Aliyapindua makopo kichwa chini juu ya magazeti, akayachungulia kila dakika kama mama mwenye mtoto wa homa. Kwenye kalibu ya tano ya kumiminia plastiki waliongeza ukingo mwembamba ndani ya kifuniko, mwembamba kama ukucha. Wakalipindua. Saa nzima, gazeti kavu. Siku mbili, kavu. Alishika mikono ya mhandisi akamzungusha pale pale katikati ya mashine, kijana wa watu karibu avunje miwani.

Maandishi yalipochongwa, alipitisha kidole juu yake mara nyingi. Hakuweza kuyasoma, lakini vidole vyake viliyazoea, kona kwa kona. Gunia la makopo ya kwanza ya kalibu hiyo, meupe, alilihifadhi stoo ayajaribu zaidi.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi, mwanamke mfupi mwenye saa kubwa, alikuja na mashine zake ndogo ndani ya gari: ya kusaga, tangi la kuoshea, na ya kuyeyusha. Utaratibu wake ulikuwa mfupi. Makopo husagwa, vipande huoshwa, huyeyushwa, kisha huminywa kuwa bamba. Bamba likitoka safi, umepita. Likitoka na uchafu, rudi nyumbani.

Mama Vifuniko aliomba kuosha vipande mwenyewe. Vyote vilielea, hata kimoja hakikuzama. Ndipo alipoona maji. Yalikuwa yanametameta.

Bamba likatoka la kijivu, limejaa vidoa.

"Halifai," mkaguzi akasema. "Hii plastiki itafaa kwa kazi gani? Kwa mfuniko wa shimo la choo labda."

Mama Vifuniko alimvuta wifi yake pembeni kwa mkono. "Umepaka nini?"

"Dhahabu. Kidogo tu, pembeni ya kifuniko."

"Wifi!"

"Lilikuwa jeupe pepepe! Linafanana na kopo la siagi! Nani atanunua krimu ya uso ndani ya kopo la siagi?"

"Sasa hutauza hata siagi. Mwambie asiondoke."

Alikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, kandambili moja ikabaki mlangoni, akarudi anaburuta gunia la makopo meupe toka stoo. Mkaguzi alitazama saa yake kubwa, akasema ana nusu saa, si zaidi. Mashine ikasaga. Mama Vifuniko akaosha, akaosha tena, aproni ikalowa chepe, maji yakabaki maji. Vipande vikaingia kwenye moto. Wafanyakazi walikuwa wameacha kazi zao, wamesogea, mwingine kashika mwiko, krimu inadondoka sakafuni na hana habari.

Bamba likatoka jeupe. Mkaguzi aliliinua dirishani, na mwanga ukapenya, na kivuli cha vidole vyake vitano kikaonekana upande wa pili. Kiwanda kizima kililipuka kwa vifijo. Mama Vifuniko alilipokea bamba lile likiwa bado na joto, akalishika kifuani.

"Kazi safi sana," mkaguzi akasema. "Ni ya nani?"

Hapo ndipo wifi aliposema alichosema. Mhandisi alitazama viatu vyake. Mwenye mwiko aliutazama mwiko. Mama Vifuniko akaliweka bamba mezani taratibu, akaenda kutafuta kandambili yake.

Makopo hayo sasa yapo madukani. Yakiisha muda wake yanafika mezani kwake, tok, tok, tok, anayatupa kwenye mashine bila kisu, na kila moja bado linamfurahisha, hilo hakuna wa kumpokonya. Kwenye meza ya ukaguzi kiwandani amekaa mhandisi. Wifi alimtumia Mama Vifuniko katoni ya krimu. Akairudisha na utepe wake.

Wiki iliyopita wifi akaja tena, safari hii na chupa ya losheni yenye pampu. Mkaguzi ameikataa: ndani ya pampu mna springi ya chuma.

Mama Vifuniko alicheka. Akatia mkono mfukoni mwa aproni akatoa pampu, yote plastiki ileile moja, na mahali pa springi pana plastiki iliyokunjwakunjwa kama kinanda cha mkono cha kuvuta na kubana. Aliibuni mwenyewe na fundi wa kalibu, wakaifanyia kazi miezi mitatu. Akaibonyeza mbele ya macho ya wifi, ikanesa, ikarudi. "Nimeibonyeza mara elfu mbili. Haijachoka. Mimi ndiye niliyechoka."

Wifi alinyoosha mkono kwa pupa. Pampu ikarudi mfukoni.

"Wifi jamani, yale si yalishapita?"

"Kopo ndilo lililopita."

"Nikuombe radhi basi. Hapa hapa, nipige magoti?"

"Hapa tuko wawili, na mimi najua nani alitengeneza kopo. Muite mkaguzi. Waite wale kumi na wanne."

"Watanionaje?"

"Hilo ni lako."

Mumewe alipoulizwa na dada yake, alisema yeye alishaisikia ahadi ile kwa masikio yake, na hana la kuongeza. Wifi akaondoka na chupa yake. Pampu ingali mfukoni mwa aproni, inabonyezwa kila siku. Na mwenye kiwanda cha krimu, mitaa miwili kutoka hapo, bado anadaiwa maneno aliyoyaahidi: asimame mbele ya watu walewale aliomkania mbele yao, aseme kopo lile ni kazi ya wifi yake. Hajayasema.