Mrabaha wa Milka

Ogola alikuwa fundi wa nyavu pale Dunga, na lau kuota mchana kungekuwa na mshahara, Kisumu nzima isingepata tajiri wa kumshinda. Mkono ushone wavu, macho yaelee ziwani, midomo itafute maneno ya wimbo. Gitaa alilopiga lilikuwa la shemeji yake, Opiyo, na nguo ya kuazima haistiri matako, sote twajua. Mwaka huo wa 1968 Opiyo alimwambia mapema, "Shemeji, Krismasi nakuja kuchukua gitaa langu. Mwanangu ameanza kulililia." Ogola bila gitaa! Alikosa usingizi siku tatu.

Basi mwezi wa Machi akaenda mjini, kwenye duka la santuri, kurekodi wimbo wake uliopendwa kuliko yote. Ulimsifu Milka, mama wa Usenge aliyeuza omena, dagaa wa ziwani. Miaka miwili nyuma Ogola alishikwa na malaria akiwa ugenini huko, na mama huyo akamuuguza wiki tatu nyumbani kwake, asimdai hata senti ya uji. Alipopona alimtungia wimbo, akampa mbele ya watu wa Usenge wote.

Karani wa duka, Wanyonyi, mtu mpole wa Bungoma, alimweleza njia mbili. "Uchukue shilingi mia mbili leo, wimbo uwe wetu daima. Au uchukue mrabaha. Kila santuri ikiuzwa, senti kumi ni zako, na tunalipa kila Desemba. Wengi huchukua hizo mia mbili."

"Kwa hiyo wimbo utafanya kazi nami nimelala?"

"Hata ukikoroma, Bwana Ogola."

Hapo alinaswa. Aliiona santuri ikizunguka taratibu Otonglo, ikizunguka Busia, ikizunguka kwenye nyumba za watu asiowajua, na kila mzunguko ukimsogezea gitaa jipya, jekundu, lenye nyuzi zinazong'aa. "Mrabaha," akasema, na tabasamu likamjaa usoni.

Wanyonyi akachukua kalamu. "Niandike jina la mwenye wimbo. Huyo ndiye atakayelipwa."

Ogola akaikumbuka Usenge. Aliwaona watu wa Usenge wakipiga makofi, na Milka akifuta machozi kwa leso. Kitu ukishampa mtu mbele ya watu, unakirudiaje kula matunda yake? Kukiuza ndiyo aibu zaidi. Gitaa jekundu likaanza kumfifia machoni.

"Andika Milka, wa Usenge."

"Bwana, wewe ndiye uliyetunga!"

"Nilitunga, nikampa."

Karani alimsihi mpaka koo likamkauka. Lo, mtu mkaidi huyu! Ikaandikwa Milka.

Wimbo ukaondoka, ukamwacha Ogola na nyavu zake. Asubuhi ukungu ukiwa juu ya maji, aliusikia ukitoka kwenye redio ya mtu ndani ya mtumbwi asiouona, sauti yake mwenyewe ikipita mbele yake bila kumsalimu. Alifurahi mpaka kifua kikamuuma. Halafu alimkumbuka Opiyo, na furaha ikamtoka yote.

Desemba alipita dukani. "Tulimwita Milka, akaja juzi," Wanyonyi alisema bila kumtazama. "Shilingi mia tatu na kumi. Aliuliza kwa nini zimeandikwa jina lake, nikamweleza. Akazifunga kwenye leso, akaenda zake."

Usidhani Ogola alikuwa malaika. Alijuta. Njia nzima hadi Dunga alijiita mjinga. Lakini kumwendea mama yule na kumwambia nirudishie? Thubutu! Siku ya Krismasi Opiyo akaja, akalichukua gitaa.

Kesho yake mchana kulikuwa na ngoma ufukweni. Ogola alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mikono haijui iwekwe wapi, Milka alipotokea katikati ya umati, mnene, amejifunga kitambaa cha njano kichwani. "Nimekuja kusikia wimbo wangu," alisema kwa sauti.

"Mama, sina gitaa."

"Mdomo je, nao umechukuliwa?"

Watu wakacheka. Mtu mmoja akaanza kugonga debe, na Ogola akaimba. Hakumaliza ubeti Milka akainua mkono. Kila mtu alijua maana yake. Hiyo ni pakruok, mtindo wa ngoma zao: unalipa, muziki unasimama, unajigamba utakavyo, kisha muziki unaendelea. Hakuna anayekataa pesa ya pakruok, na hakuna anayeiita zawadi wala deni.

"Mimi Milka, nyar Usenge, binti wa Usenge!" Noti ya shilingi tano ikatoka kwenye leso, ikaangukia kofia ya Ogola. "Mzazi wa watoto saba!" Ogola akaimba, akasimamishwa. Kumi. "Omena wangu wanaliwa mpaka Kampala!" Akaimba tena, akasimamishwa tena. Watu walishangilia, kisha wakabaki wakimtazama, maana leso ilikuwa haijaisha noti. Jua lilishuka hadi ukingoni mwa maji. Ogola aliacha kutazama kofia, akamtazama mama yule, akaelewa.

Noti ya mwisho Milka aliikunjua polepole.

"Mimi Milka," alisema, na safari hii hakupaza sauti, "niliyepewa wimbo na mtu asiye na gitaa."

Debe likaanza. Ogola akajaribu kuendelea, sauti ikamkatika. Watu wakamalizia ubeti wenyewe.